Maziwa ya Mgonjwa

Kabla hajaanza kusema "sawa", Elisha alikuwa mtu wa kulalamika, tena mlalamikaji wa kulipwa mshahara. Kwa miaka kumi na sita alikuwa mpima mahindi katika shirika moja la nafaka pale Dodoma mjini. Kazi yake ilikuwa kuuma punje. Akiivunja moja kwa gego alikwambia kama gunia lina unyevu, kama limekaa karibu na dawa ya panya, na kama aliyelileta ni mwongo. Ulimi ule haukupumzika hata nyumbani. Mkewe Zipora akipakua mboga, Elisha alionja, akafumba macho, kisha akatoa hukumu: chumvi imewahi kuingia, kitunguu kimeungua upande mmoja. Zipora alimjibu, "Baba Lea, ungeoa mzani tu, ukaniacha mimi kwetu." Na wote wawili walicheka.

Shirika likafa, kama yalivyokufa mengi miaka ile serikali ilipoamua kwamba biashara si kazi yake. Elisha akapunguzwa. Kiinua mgongo chake akakinunulia ng'ombe chotara, mweusi mwenye baka jeupe ubavuni, akarudi naye kwao Mlali pamoja na mkewe na binti yao Lea. Ng'ombe akampa jina la Shirika. "Lile la kwanza liliuawa kwa barua," aliwaambia wanaume wa pale kijiweni. "Hili lina kwato, mwandikieni barua mwone." Mwaka mzima alilima, akajenga banda, akagombana na kila mtu kuhusu vyama vingi. Watu walisema kupunguzwa kazi amekupokea kiume.

Machi ya mwaka tisini na tano Shirika akatupa mimba ya miezi saba. Elisha ndiye aliyemtoa ndama mfu, amepiga magoti kwenye tope, mikono mitupu hadi kwenye viwiko. Akamfukia nyuma ya banda, akanawa mtoni, yakaisha. Au ndivyo walivyodhani.

Mwezi haukupita akaanza homa. Ilikuja na jua la jioni, ikaondoka alfajiri, na kila asubuhi Zipora alianika shuka lililolowa kana kwamba limefuliwa. Kiuno kikamuuma, magoti yakamuuma. Kisha maumivu nayo yakawa kitu kidogo, maana lilikuja jambo lingine kubwa zaidi. Elisha alinyamaza. Akiletewa ugali uliopoa alisema sawa. Akiletewa mlenda wenye mchanga alisema sawa. Siku moja Zipora, kwa kumjaribu, alipika maharage bila chumvi hata chembe, akakaa mbele yake akingoja. Elisha alikula vijiko vitatu, akasukuma sahani polepole.

"Yakoje?" Zipora akauliza.

"Sawa tu, Mama Lea."

Zipora alitoka nje akalia nyuma ya ghala.

Kila mtu alikuwa na maelezo yake. Bartolomayo, tabibu wa zahanati, alimtibu malaria mara tatu, na mara ya tatu akasema haya si malaria, haya ni mawazo ya kazi iliyopotea. Kanisani walimwombea roho ya kukata tamaa imtoke. Thobias, kaka yake mkubwa, aliangalia kushoto na kulia, akamwambia Zipora kwa sauti ya chini. "Shemeji, kikulacho ki nguoni mwako. Angalia majirani. Nani alimwonea wivu na ng'ombe wake?"

Zipora hakuwa na maelezo. Alikuwa na maziwa. Katika ukoo wa mumewe mgonjwa alikuwa na haki moja isiyoguswa na mtu: maziwa ya kwanza ya asubuhi, ya vuguvugu kutoka kiweleni, yasiyopita motoni. Mengine yalikwenda kwenye mgahawa wa sokoni, yakaingia kwenye chai za watu, na mengine yakachemka kwenye uji wa Lea. Lakini kibuyu cha kwanza kilikuwa cha mgonjwa. Mama mkwe, aliyeishi nao, alikuwa na msemo wake: "Anayechemsha maziwa anachemsha kiwele." Kwa hiyo kila kulipokucha Zipora alikamua, akaingia na kibuyu, akasimama mlangoni mikono kifuani mpaka mumewe amalize. Elisha hakula, hakuongea, lakini maziwa aliyanywa yote. Ndilo jambo pekee katika siku nzima lililompa Zipora moyo. Kadiri hali ilivyozidi kuwa mbaya ndivyo alivyoongeza kibuyu.

Mwezi wa tisa Bartolomayo aliandika barua, akaitia kwenye bahasha ya kaki, akamkabidhi Zipora bila kumtazama usoni. Ilikuwa ya kwenda Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili pale Dodoma.

Sasa, mtu wa mbali hatajua neno hilo lilivyo zito. Mkoa mzima, ukitaka kumtukana mtu bila kumgusa, unamwambia utampeleka Mirembe. Watoto wanaimbiana. Hospitali yenyewe haina kosa, watu wanaingia na watu wanapona, ila nani aliwahi kuwangoja wanaopona awaimbie? Thobias alipopata habari alikuja mbio, jasho linamtoka. "Ukimpeleka kule," alisema, "nani atamwoa Lea? Jina letu litakuwa la kutaniwa mnadani." Zipora akaifukia bahasha kwenye debe la unga, akajiambia angoje kidogo. Wiki mbili akangoja, na wiki mbili hizo hakulala vizuri wala kukaa vizuri.

Maana Elisha alikuwa ameanza kutembea. Asubuhi jua likishatoka alijikokota mpaka kwenye josho la ng'ombe, lile la zamani ambalo tangu serikali iache kuleta dawa lilikuwa shimo la saruji lililokauka, limejaa majani na ganda la nyoka. Alikaa ukingoni miguu ikining'inia ndani. Zipora alijipa kazi za karibu na josho. Aliokota kuni mahali pasipo na kuni. Alifagia njia ya mbuzi. Akimwona amekaa, moyo ulimdunda. Akimkosa, ulimdunda zaidi, akatupa ufagio na kukimbia huku akijifanya anafukuza kuku. Mwili wake wote uligeuka sikio. Kamba ya kumfungia Shirika aliikata vipande vifupi visivyofaa hata kufungia mzigo, na alipoulizwa na mama mkwe kwa nini, alisema panya.

Mwaka ule ulikuwa wa kampeni. Magari yenye vipaza sauti yalipita Mlali yakitimua vumbi, vyama vyenye majina mapya kila wiki, na redio ziliongea siasa mpaka betri zikafa. Elisha wa zamani angekuwa amekosana na nusu ya kijiji. Huyu aliichukua redio yake, akaifuta kwa kitambaa, akampelekea jirani yao Mustapha. Zipora alipouliza, alisema haisikilizi tena. Kesho yake Thobias alipita uani akiwa na furaha ya ajabu, mkono wa kushoto umeinuliwa kidogo ili uonekane. Alikuwa amevaa saa ya Elisha.

"Kanipa mwenyewe," alisema. "Naona anaanza kupona, moyo umefunguka. Kaniomba pia nimwangalie huyu ng'ombe, na Lea amalize shule."

Saa ile Elisha alipewa na shirika alipotimiza miaka kumi kazini. Alioga nayo. Mtu hagawi saa yake wala kumtafutia mtoto wake mlezi kama ana nia ya kuwapo. Hapo neno alilokuwa akilikimbia tangu kipupwe likamkamata Zipora: mume wangu anataka kujiua.

"Shemeji," alimwambia Thobias, na sauti yake mwenyewe ilimshangaza, "mwenzio hajafunguka moyo. Anaaga."

Aliingia ndani, akazamisha mkono kwenye debe mpaka begani, akatoka na bahasha nyeupe kwa unga. Mficha uchi hazai. Kesho yake asubuhi alimkamua Shirika mapema, akajaza kibuyu, akakifunga kwa kanga, akamshika mumewe mkono wakapanda basi la Dodoma. Elisha hakuuliza wanakwenda wapi. Walipofika Mbande ndipo Zipora alipomwambia, naye akatazama dirishani. "Sawa," alisema.

Daktari aliyewapokea alikuwa mwanamke wa Tanga aliyeitwa Joha, mwembamba, ushungi wa bluu, hajafika miaka thelathini na mitano. Zipora alimwamkia kwa hofu, "Shikamoo daktari." Joha akakataa.

"Usinizeeshe, mama. Shikamoo wewe. Na baba, shikamoo."

Elisha aliitikia marahaba kwa midomo tu. Joha aliisoma barua, akapangusa unga kwenye vidole. Kisha akamgeukia mgonjwa mwenyewe, akamuuliza kwa sauti ileile ya kuulizia jina, "Baba, umewahi kufikiria kujiua?"

Zipora alitaka kumziba mdomo. Maneno kama hayo si ya kutamkwa, yanaweza kusikia jina lao yakaja. Lakini Elisha aliinua macho kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Ndiyo," alisema. "Kila siku. Sina sababu. Ndiyo inayonitisha, sina sababu."

"Ahsante kwa kuniambia," Joha akasema. "Leo utalala hapa kwetu." Akamgeukia Zipora. "Barua inasema huzuni hii ilianza alipopunguzwa kazi."

"Hapana," Zipora akasema, na hapo ndipo naye alipolisikia jambo hilo kwa masikio yake mwenyewe. "Alipopunguzwa alikuwa anacheka. Mwaka mzima alicheka. Alianza kunyamaza baada ya ng'ombe kutupa mimba."

Joha aliweka kalamu chini. "Nani alimtoa ndama?"

"Yeye. Kwa mikono yake."

Daktari aliuliza homa inakuja saa ngapi. Akauliza jasho. Akapitisha vidole kwenye uti wa mgongo wa Elisha, pingili moja moja, na mahali fulani chini ya kiuno Elisha akashtuka. Akagusa magoti, akamwonyesha Zipora jinsi yalivyovimba na yalivyo na joto kuliko paja. Zipora, kwa kutojua la kufanya na mikono yake, alikuwa amekifungua kibuyu. Mumewe hakuwa amepata maziwa yake asubuhi ile, na saa sita ilikaribia. Alimsogezea mdomoni.

"Mama, subiri," Joha akasema. Alikuwa ameinuka. "Hayo ni ya ng'ombe yuleyule?"

"Ndiyo."

"Umeyachemsha?"

Zipora karibu acheke. "Daktari, ni ya mgonjwa."

Joha alikichukua kile kibuyu taratibu, kama mtu anavyomnyang'anya mtoto kisu, akakiweka juu ya kabati. "Tangu lini anakunywa hivi?"

"Tangu augue. Kila siku." Kisha, kwa kuwa alikuwa amejivunia jambo hilo miezi sita, akaongeza, "Kadiri alivyozidiwa nilimwongezea."

Damu ilipelekwa kwenye maabara, majibu yakachukua siku nne. Siku hizo Zipora alilala kwa dada yake Aneth aliyekuwa akiuza maandazi Chang'ombe, na kila asubuhi alikwenda kwa miguu mpaka hospitali, kila hatua akijiambia atakuta kitanda kitupu. Hakukikuta kitupu. Siku ya nne Joha alimkalisha kwenye benchi la nje, chini ya ukuta wenye kivuli, akamwambia: ni homa ya ng'ombe wanaotupa mimba. Vijidudu vyake huingia kwa mikono wakati wa kumtoa ndama, huingia pia kwa maziwa mabichi. Vikishaingia hujificha kwenye mifupa na viungo, na mwili hupigana navyo bila kumaliza vita.

"Homa nimeelewa," Zipora akasema. "Na huzuni? Huzuni nayo inatoka kwa ng'ombe?"

"Wewe umeshawahi kushikwa na malaria kali?"

"Mara ngapi!"

"Siku hiyo ulitaka ngoma? Ulitaka wageni?"

Zipora alifikiri. "Hata Lea sikutaka kumwona. Alikuwa ananyonya, nikasema mwondoeni."

"Na ulikuwa unampenda."

"Nilikuwa nampenda."

"Basi. Mwili ukiwaka kwa ndani unapeleka habari kichwani: lala, usile, achana na watu, usitamani kitu. Kwa siku tatu hiyo ni busara ya mwili, unatunza nguvu zake. Mzee wako amekaa kwenye siku hiyohiyo miezi sita. Moto ni wa jikoni lakini moshi umejaa chumba cha kulala." Joha akamsogelea kwenye benchi. "Sitakudanganya, mama. Wataalamu bado wanalichimba jambo hili, na si kila huzuni inatokana na ugonjwa wa mwili. Labda na kazi ilimuuma. Nitampa na dawa ya huzuni yenyewe, sitaki kubahatisha. Lakini huu moto tuuzime kwanza."

Zipora aliuliza swali moja tu lililobaki, na alilitazamia jibu lake kama mtu anayetazamia kofi. "Maziwa yangu ndiyo yaliyomfanya hivi?"

"Labda ndama ndiye aliyeanza," Joha akasema.

"Na maziwa?"

"Maziwa hayakumsaidia."

Ulikuwa upole wa kitaalamu, na Zipora aliuelewa vizuri. Kikulacho ki nguoni mwako. Thobias alikuwa amesema kweli, akakosea nguo. Siku mia na zaidi alisimama mlangoni, mikono kifuani, akihakikisha mumewe amemaliza ugonjwa wake mpaka tone la mwisho. Alikaa kwenye benchi lile akalia mpaka wagonjwa wawili wakaja kumbembeleza, mmoja akiwa amevaa shati nyuma mbele.

Walirudi Mlali baada ya wiki tatu za sindano, wakiwa na kapsuli za wiki nyingine tatu. Bwana mifugo alikuwa amempima Shirika. Shirika akachinjwa, na shirika la pili likafa kama la kwanza. Thobias aliirudisha saa bila kuambiwa, akaiweka juu ya meza na kuondoka haraka. Homa ilikuwa imekoma. Shuka liliamka kavu. Lakini Elisha alisema sawa alipoonyeshwa saa, akasema sawa alipoambiwa ng'ombe hayupo, na Zipora akahisi kwamba wamezima moto, ila mtu wake alishaungua ndani. Joha alimwonya: mwili hutangulia, moyo huja nyuma kwa mguu, usiukimbize. Ni rahisi kusema. Zipora aliendelea kuokota kuni kwenye josho.

Tena alikuwa na hofu mpya juu ya ile ya zamani. Elisha hakuwa ameambiwa habari ya maziwa. Joha alisema mwambie wewe, ukiwa tayari, na kila siku Zipora hakuwa tayari. Akimwambia na akakasirika, atakuwa amempoteza kwa njia nyingine. Akimwambia na akasema sawa, hilo asingeweza kulivumilia.

Mvua ya kwanza ya Desemba ilinyesha asubuhi, ile inayotoa harufu kwenye udongo kabla haijaulowesha. Zipora alikuwa amenunua maziwa kwa Mustapha. Aliyachemsha kwenye sufuria ndogo huku mama mkwe amegeuza kiti, ametazama ukuta, ili asiwe shahidi. Aliyachemsha mara mbili kwa woga. Akayatia kwenye kikombe cha bati, akampelekea Elisha aliyekaa barazani akitazama mvua. Mazoea yakamsimamisha mlangoni, mikono kifuani, na alipojiona amesimama vile akashindwa.

"Baba Lea," alisema. "Yale maziwa mabichi. Ule ugonjwa ulikuwa ndani yake. Mimi ndiye niliyekuwa nakunywesha."

Elisha alishika kikombe bila kunywa. Mvua ilipiga bati la ghala. Zipora alihesabu pumzi, akingoja neno lile.

"Nilikuwa siyataki," Elisha akasema.

"Nini?"

"Yale maziwa. Sikuwa na hamu hata ya maji. Yalinipita kooni kama chokaa." Aliongea taratibu, kama mtu anayekanyaga sakafu asiyoiamini. "Lakini ulikuwa unasimama hapo ulipo. Unaniangalia mpaka nimalize, halafu uso wako unakunjuka kidogo. Nikasema, kama hakuna kingine ninachoweza kumpa huyu mwanamke, kila siku nitampa hicho kimoja. Ndicho kilichokuwa kinaniamsha."

Kumbe miezi ile yote walikuwa wakilishana.

Elisha alinyanyua kikombe, akanywa funda moja. Akalizungusha mdomoni. Akafumba macho. Zipora aliiona shingo yake ikikaa upande, akaona kunyanzi kati ya nyusi, kunyanzi ambalo hakuliona tangu Machi.

"Haya yameungua," Elisha akasema. "Chini yameshika sufuria. Nani kachemsha hivi, mama, mtu au mfua chuma?"

Ndani, mama mkwe aligeuza kiti chake kikatazama mlango. Zipora alijibu kwamba ni yeye, na kwamba kesho atayaunguza tena.